Fundi kachipu PS1 yangu, gemu zinatoka bila rangi, halafu ananiambia TV ndiyo mbovu!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nina PlayStation 1 ile ya kijivu, kaka yangu alirudi nayo kutoka Uingereza. Nzima kabisa, na CD zake orijino mbili. Wiki iliyopita nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo aichipu, nicheze CD za kuchoma, hasa Winning Eleven ya Kijapani tuliyokua nayo mtaani. Kala elfu 50 yangu, jioni nikaichukua.

Nafika nyumbani, gemu inafunguka fresh, sauti safi, ila picha nyeusi na nyeupe kama ya marehemu babu ukutani! Brazil na Uholanzi wote wamevaa kijivu. Unampa pasi nani? Nimefungwa mawili kwa kumpasia adui.

Nampigia, anasema waya mbovu. Nikanunua waya mpya wa AV. Wapi! Nampigia tena: "Hiyo TV yako ya chogo imechoka, nunua flati." Nikabeba mashine mpaka kwa jirani mwenye flati. Kijivu vilevile, na juu yake picha imetanuka, ina ukungu, afadhali hata chogo langu. Mara ya tatu ananiambia, "Mashine za zamani ndivyo zilivyo, bro." Hapo ndipo nilipopandisha.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nimeweka CD orijino ya kaka, rangi zote zipo, majani ni ya kijani kabisa! Mashine ileile, waya uleule, TV ileile. Narudisha ya kuchoma, kijivu. Sasa waya gani huo unaochagua CD?

Nimekesha nikisoma mpaka nikaelewa. Mashine ya Ulaya ni ya PAL, za Japani na Marekani ni za NTSC, yaani mifumo miwili tofauti ya kupeleka picha na rangi kwenye TV. Chipu inadanganya ule ukaguzi wa mashine unaokataa CD za kuchoma tu, basi, mambo ya rangi haiyagusi. Ukiweka gemu ya Kijapani, mashine inajaribu kutoa NTSC, ambayo rangi yake inatakiwa isafiri kwenye masafa ya megahezi 3.58. Lakini mapigo ya mashine yanatoka kwenye kristali, kidude kidogo cha ndani kinachopiga kwa kasi maalumu, na hii imepimwa kwa PAL, kwa hiyo inaangukia kama 3.55. Kwetu ni tofauti ya kitoto. TV yangu haiikuti rangi pale inapoitafuta, inaitupa, inabaki na mwanga na kivuli. Ndiyo maana hata nilipoingia kwenye menyu ya TV nikailazimisha NTSC, haikusaidia kitu.

Dawa zipo. Moja ni waya wa RGB, ambao kila rangi inapita njia yake na hiyo 3.58 haihusiki tena, ila TV iwe na lile tundu pana la SCART nyuma. Chogo za mtumba kutoka Ulaya nyingi zinalo. Langu halina. Nyingine ni kufunga kristali ya pili yenye kipimo cha NTSC, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi wa kulehemu, siyo huyu aliyeniachia skrubu moja pungufu chini ya mashine (ndiyo, nimehesabu).

Kinachoniuma siyo elfu 50. Mtu anachipu mashine za watu kila siku, hawezi kuniambia haya hayajawahi kumkuta. Angesema mapema, "Mdogo wangu, hii ni ya PAL, CD za Kijapani zitakosa rangi, kristali ni hela nyingine," ningejipanga. Badala yake kanitembeza mjini na mashine kwenye mfuko wa rambo, kaniuzisha waya nisiouhitaji.

Kesho saa tatu niko dukani kwake na CD zote mbili, ya orijino na ya kuchoma, namchezea mbele ya wateja. Na kama kuna mkuu hapa aliyewahi kufungiwa hiyo kristali kwa hapa Dar, ikakubali, anielekeze kwa fundi wake. Tafadhali, msiniambie ninunue flati.