Bakapu ya Elasticsearch inakatika kila usiku ikipanda klaudi, niko Mtwara, naombeni ushauri

Binti_Shangani:
Wakuu habari za jioni. Nahudumia mfumo wa kutafuta stakabadhi za korosho, mkulima akija na namba yake tunamtolea mzigo ulipimwa lini na una kilo ngapi. Data iko kwenye klasta ya Elasticsearch (programu ya kuhifadhi na kutafuta data), seva 3, GB 180 kuanzia msimu wa 2021. Saa 4 usiku snapshoti (nakala ya data) inaanza kwenda S3, hifadhi ya klaudi ya Amazon, ikifika saa 8 laini inayumba dakika mbili tatu, asubuhi nakuta PARTIAL (haijakamilika) na logi zimejaa taimauti. Naifuta, usiku naanza upya. Wiki ya tatu hii sijaona SUCCESS hata moja na minada inakaribia, seva zenyewe za zamani, zikifa hizi kuna wazee watakuja dirishani niwaambie nini? Kasi ya kupandisha ni Mbps 10. Nibadilishe mtandao au?

Korosho_Nyeupe:
Badilisha tu, hapo tatizo laini

Fundi_Masasi:
Laini ina shida yake sawa, ila dada mbona umesema unaifuta? USIFUTE hiyo PARTIAL. Maana yake kuna shadi (vipande ambavyo data imegawanywa) zimefika salama na nyingine zimefeli, snapshoti inayofuata inaangalia kilichopo kwenye baketi (hifadhi yako ya S3) inapeleka kilichopungua tu. Ukiifuta na mafaili yake yanaondoka, kesho unaanza sifuri. Afu piga hesabu, Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, saa nzima GB 4.5, GB 180 ni masaa 40 tena laini isiyumbe hata kidogo. Usiku mmoja hautoshi hata ufanyeje.

Binti_Shangani:
Duh. Kwa hiyo wiki tatu zote nilikuwa nafuta kazi yangu mwenyewe, nilidhani nusu nusu italeta uchafu. Imeniuma kweli

Lindi_Mwambao01:
Pole mdogo wangu, wengi tumepita hapo. Mimi niko Lindi na nilihangaika hivyo hivyo. Shadi iliyokatikia njiani haihesabiwi, inarudi mwanzo, kwa hiyo usibebe zote kwa mpigo, peleka indeksi (fungu la data) ya msimu mmoja mmoja, za nyuma hazibadiliki tena ukishapeleka umemaliza. Halafu cheki buffer_size, ukubwa wa kipande kinachotumwa kwa ombi moja, kwa kawaida ni MB 100 au asilimia 5 ya heap (memori ya Elasticsearch), inachukua iliyo ndogo. Faili lililo chini ya hapo linakwenda kwa ombi moja, likikatika MB 90 zimeondoka. Shusha mpaka 5mb, chini ya hapo haikubali, hapo kikikatika kipande kinarudiwa hicho kipande tu. Na max_snapshot_bytes_per_sec, kikomo cha kasi ya kupandisha, kwa kawaida ni 40mb kwa sekunde kwa kila nodi (seva), kwa laini yako ni sawa na hakuna breki, nodi tatu zinagombania kamlango kamoja taimauti lazima zije. Weka 300kb, itatambaa ila itafika na mchana ofisi itafanya kazi.

Fundi_Masasi:
Hapo kwenye 300kb ndo penyewe. Ongeza kitu kimoja, vipande vilivyokatika vinabaki S3 huvioni kwenye orodha ya kawaida ila unavilipia, weka sheria ya AbortIncompleteMultipartUpload siku 7 vijifute.

Binti_Shangani:
Mrejesho wakuu. Msimu wa 2021 umepita moja kwa moja, SUCCESS. 2022 ilikatika ikaandika PARTIAL, sikuigusa, nikairudia ikamaliza ndani ya masaa mawili!! 2023 inapanda sasa hivi.

Lindi_Mwambao01:
Safi sana. Sasa rudisha ya 2021 kwa jina jingine, tumia rename_pattern na rename_replacement isigongane na iliyopo, uone inafunguka. Bakapu ambayo hujairudisha bado hujui kama unayo

Binti_Shangani:
Nimerudisha kaka. Nimeingiza namba ya stakabadhi ya 2021, imetoka na kilo zake zote. Mungu awabariki, leo nalala