Naomba ushauri: nimsaidieje dada yangu aliyetoka katika ndoa ya kipigo?

Ndugu zangu, dada yangu mkubwa, mwenye watoto wawili, alihamia kwangu Morogoro miezi minne iliyopita baada ya kuvumilia kipigo cha mumewe kwa miaka mingi, na shauri lake limekwisha kufikishwa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hata hivyo, wazee wa ukoo wanamhimiza arudi, na kila wanapopiga simu, dada hushinda siku nzima bila kula.

Kinachompa nguvu ni cherehani yake pamoja na wanawake wenzake wa kikoba, ambao humsikiliza bila kumhukumu, nami naamini wamemfaa kuliko maneno yangu yote.

Je, nimpe mtaji wa kushona sasa, au nisubiri kwanza apate mnasihi? Na ni nani anayefaa kuzungumza na wazee ili waache kumshinikiza, bila ukoo kugawanyika? Waliopitia jambo hili, hasa akina mama, naombeni mnieleze kilichowasaidia.