Baiskeli peke yako barabara za mashambani: mnakaa upande gani wa lami na mnaishije na wengine?

MpandaPekee:
Wakuu habari zenu. Napenda sana kutoka na baiskeli peke yangu, nje kabisa ya mji, sina wa kumsubiri wala wa kunisubiri, nikitaka kusimama nasimama, nikitaka kukaza nakaza, ile hali ya kusikia cheni yako tu na upepo aisee haina mfano. Shida ni lami nyembamba. Magari mawili yakipishana hakuna nafasi ya tatu, na malori yananipita karibu mpaka usukani unatikisika. Jamaa wananiambia nijibane pembeni kabisa kwenye mstari wa mwisho, ila huko ndo kuna mchanga na mashimo yote. Nyie mnaokwenda mbali peke yenu mnakaa wapi? Na mkikuta ng'ombe au watu wanatembea au wamepanda farasi mnapitaje? Kuacha siachi, ila nataka kurudi mzima.

GiaNyepesi:
Mkuu usijibane pembeni. Acha nusu mita mpaka mita moja toka ukingo wa lami, tena usitoke hapo kila ukisikia honi. Ukijibana dereva anaona nafasi ipo, anapenyeza bila hata kuhamisha usukani, halafu wewe huna pa kukimbilia zaidi ya mtaroni. Ukikaa nje kidogo analazimika kukuzunguka kama anavyozunguka gari, na ikiharibika una ile nusu mita ya kurudi. Huko pembeni pia ndo magari yanakosukumia vioo na zile nyaya za matairi yaliyopasuka, pancha zote zinatoka huko.

Kwenye kona isiyoonekana mbele, daraja jembamba, au unapopanda kilele cha mlima, geuka uangalie nyuma, kisha kaa katikati ya upande wako mpaka pafunguke. Pakifunguka rudi, mpungie mkono aliyesubiri.

Na lori likipita: kwanza upepo unakusukuma kuelekea mtaroni, halafu mkia wake ukishapita unavutwa kuelekea barabarani. Watu wengi wanaangushwa na huo wa pili maana wameshaanza kupumua. Legeza viwiko, shika usukani bila kuukaba, usikanyage breki ghafla. Na usirudi kuelekea katikati haraka, nyuma ya lori mara nyingi kuna gari dogo limejificha. Ufaransa sheria inataka mita 1.5 nje ya miji, Ujerumani mita 2 tangu 2020, hizo si namba za kubahatisha, ndo nafasi mtu anayoihitaji akiyumba.

UsukaniMkubwa:
Mimi naendesha lori na baiskeli pia napanda. Nakubaliana na GiaNyepesi ila hapo pa katikati niongeze, ukishaona nyuma foleni imekuwa ndefu na mbele kuna sehemu ya kuchepuka, chepuka sekunde chache wapite, hupotezi kitu na wale wa nyuma wanatulia. Dereva aliyekasirika anampita vibaya mwenzako wa mbele.

Kinachotusaidia sisi ni kujua utafanya nini. Nyoosha mkono kabla ya kuhama, usikwepe shimo kwa kuruka ghafla, liangalie mbali uhame taratibu. Taa nyekundu nyuma iwake hata mchana, kwenye vivuli vya miti mtu anapotea kabisa. Na jua likiwa chini cheki kivuli chako: kikiwa nyuma yako, jua linakupiga usoni, na dereva anayekuja nyuma linampiga machoni hivyo hivyo, hakuoni. Saa hiyo mimi nashuka nakaa pembeni mpaka lipande au lizame.

MamaPedali:
Ndugu zangu mnaongelea malori tu, kwa anayetembea lori ni sisi. Baiskeli haina sauti, ukimpita mzee kwa kasi mgongoni unamshtua vibaya. Kengele mapema, ukiwa mbali, halafu punguza, halafu salamu. Mwenye mtoto au mbwa unapunguza mpaka mwendo wa miguu.

Farasi usimpigie kengele. Yeye haoni aliye nyuma yake moja kwa moja, akisikia kitu mgongoni anaruka. Ongea kwa sauti ya kawaida toka mbali, "habari, napita na baiskeli," aliyempanda akujibu, ndo upite kwa nafasi kubwa. Uingereza hata magari yanatakiwa kumpita kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa na kumwachia mita 2. Ng'ombe simama, mwangalie mchungaji atakuelekeza, usikate kati ya mama na ndama. Mbwa wakikufukuza shuka, weka baiskeli katikati yenu, wengi wanachofukuza ni mwendo.

Na kwa kuwa uko peke yako, mwachie mtu njia yako na saa ya kurudi, na masikioni usiweke kitu.

MpandaPekee:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya kivuli sikuwahi kuifikiria. Vipi kioo cha pembeni, kinasaidia au mapambo tu?

GiaNyepesi:
Kinasaidia sana, funga upande wa magari. Ila kabla ya kuhama geuza na kichwa, dereva akiona kichwa kimegeuka anajua unataka kuhama hata kabla hujanyoosha mkono.