Injini ya boti ya kabureta: sailensi ipo juu, haishuki. Naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Injini ya boti 15HP, tustroku, silinda mbili, kabureta moja. Ikishapata moto, sailensi (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) inabaki kama mizunguko 1,500 kwa dakika kwenye nyutro badala ya chini ya 1,000, na gia inaingia kwa kishindo. Mchanganyiko ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli.

Yaliyofanyika: waya wa mafuta umelegezwa, kipepeo (kibati cha kuruhusu hewa ndani ya kabureta) kinafunga kabisa, skrubu ya sailensi imetolewa mpaka haigusi. Jeti ndogo (tundu la petroli ya sailensi) imezibuliwa, skrubu ya hewa ipo mzunguko mmoja na nusu. Gasketi ya kabureta ni mpya. Nikipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya manifodi (njia ya hewa na petroli kuingia kwenye injini) kutafuta panapovuja, mlio haubadiliki.

Plagi ya juu ni nyeupe kama chokaa, ya chini kahawia safi. Hapo ndipo hofu yangu ilipo: silinda ya juu ikinyonya hewa, pistoni itakwama baharini.

Je, ni sili ya juu ya kranki (mpira unaozuia hewa kuingia), chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini)? Inapimwaje bila kufungua injini yote? Au fimbo ya taimingi (inayopanga wakati wa plagi kuwasha) imevutwa mbele?