Muvi yetu ya chuo ni ya sanduku la kikoba, intro ya majina tuipange vipi?

kijana_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili hapa Dar, tumepewa kazi ya kikundi, muvi ya uhalifu isizidi dakika 12, na mwalimu kasisitiza intro ya majina iwe imepangwa, siyo kubandika tu majina juu ya picha ya jiji usiku. Stori yetu ni ya kikoba cha akina mama, siku ya kugawana wanafungua sanduku wanakuta magazeti yamekatwa saizi ya noti, na kufuli zote tatu ziko salama hazijaguswa. Mnajua tena kikoba, funguo tatu kwa watu watatu na sanduku linalala kwa wa nne. Sasa kachukua nani ndo muvi yenyewe.

Shida timu hatuelewani. Mmoja anataka drone ya Daraja la Tanzanite na mziki mzito dakika mbili nzima, mwingine anataka kivuli cha mwizi ukutani, mimi binafsi naona mmh. Vifaa ni simu mbili, stendi moja, ringi laiti ya kuazima na laptop yenye DaVinci ya bure, programu ya kuedit video. Naombeni mawazo, msinicheke.

edita_mchovu
Dogo dakika mbili kwenye 12 ni moja ya sita ya muvi, watu wanasoma majina tu hapo. Anza na hesabu. Mna majina mangapi? Tuseme kadi nane, yaani picha nane za majina, kila kadi mtu aweze kulisoma jina mara mbili kwa sauti bila kukimbizwa, hiyo ni kama sekunde tatu na nusu, jumla sekunde 28, weka tano za jina la muvi, hujafika hata sekunde 35. Basi. Ukizidisha hapo uwe na sababu.

Na hiyo drone achana nayo, kwanza kurusha kunataka kibali, halafu daraja linahusiana nini na sanduku la akina mama Mbagala? Ile ni picha ya kufungulia taarifa ya habari.

mzee_wa_mikanda
Kuna kitu kimoja nawapa mkakitafute mkitazame hata mara tano, mwanzo wa Se7en ya David Fincher, 1995, majina aliyatengeneza Kyle Cooper. Wengi wanaiga ile mikwaruzo, herufi zilikwaruzwa kwa mkono kweli, ila mikwaruzo siyo siri yake. Siri ni kwamba muuaji kwenye ile sinema anakuja kuonekana mwishoni mwishoni, sasa pale mwanzo unaona mikono inashona madaftari, inakata picha, inanyoa ngozi ya vidole kwa wembe, yaani jamaa yuko kazini tangu dakika za kwanza na wewe hujui ni nani. Kwa hiyo ule mwanzo unafanya kazi ambayo stori yenyewe isingeweza kuifanya.

Nyie kwenu hiyo kazi ni ipi? Mimi nadhani ni kukata magazeti. Mtu kakaa usiku na mkasi anakata magazeti saizi ya noti, moja moja, mabunda kwa mabunda, hiyo ni subira ya kutisha kuliko kivuli chochote. Na majina yenu yaandikeni kwenye daftari la kikoba kwa peni, mstari kwa mstari kama wanachama, direkta ana hisa tatu, edita ana deni, mkipenda.

Bajeti isiwatishe. Saul Bass, mbunifu wa intro za majina, mwaka 1959 kwenye muvi ya Anatomy of a Murder, ni mwili wa mtu wa karatasi uliokatwa vipande vipande, hakuna kingine, na mpaka leo unafundishwa.

kijana_wa_mbagala
Mzee daftari nimelipenda mno, hata mtu wa drone kakubali. Ila wasiwasi wangu tukionyesha mikono inakata si mtu ataijua baadaye kwenye muvi akasema huyo hapo, muvi imeisha dakika ya tatu?

mama_hisa
Mwanangu mimi ni katibu wa kikoba mwaka wa sita huu, nimecheka kwanza maana hilo sanduku lenu nimeliona mpaka rangi. Fanyeni hivi, akina mama wote wapakeni hina, kwamba kulikuwa na harusi ya mtoto wa mwenyekiti, mikono yote itafanana na hakuna atakayejulikana.

Halafu hapo hapo kuna utamu mwingine. Hina ya kucha haifutiki, inapanda na kucha, mwezi mzima kucha inakua kama milimita tatu. Kwenye majina mkono unaokata magazeti hina imejaa mpaka kwenye shina la kucha, yaani harusi ilikuwa juzi tu. Siku ya kugawana kucha za wote zina weupe chini, hina imepanda nusu. Mtazamaji mwenye macho atajua pesa iliondoka zamani, wakati kwenye muvi wote wanagombana kuhusu jana usiku nani alilala wapi. Mpelelezi wenu akiangalia kucha zake mwenyewe akiwa anakunywa chai, yametimia.

Na msikosee vitu vyetu. Pesa inahesabiwa kwenye beseni mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, mlio wa ule muhuri ni mzuri sana, tap tap, uwekeni.

edita_mchovu
Aisee mama kamaliza. Kila jina libadilike kwa pigo la muhuri, hata mziki hamuhitaji, maana ukichukua wimbo wa mtu mtandaoni siku mkitaka kupeleka tamasha la filamu kama ZIFF ya Zanzibar mtaulizwa haki za muziki mbaki mnatazamana. Rekodini sauti za muhuri, mkasi na kufuli peke yake usiku, ndani ya kabati la nguo, simu karibu.

Kingine simu zenu zitakuwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, umeme wetu ni hezi 50, chini ya taa za LED picha inaweza kupepesa muone kama mawimbi. Wekeni fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kucha na karatasi msiisogeze simu mpaka ikashindwa kufokasi, rudi nyuma kidogo halafu zoom mara mbili. Na mwandiko uwe mkubwa, peni nyeusi, msiandike pembeni kabisa ya skrini, projekta za kumbi zingine zinakata kingo.

kijana_wa_mbagala
Leo tumejaribu na simu, sekunde 38 imetoka, ya hina tumeiweka sekunde mbili tu tena kwenye jina la mtu wa saundi ili isijionyeshe. Kosa moja, tulikata magazeti ya juzi na tarehe inasomeka, kwahiyo tunatafuta ya mwaka jana. Na kufuli zetu zote tatu ni mpya, zinang'aa kama dukani. Kuna mwenye kufuli kuukuu maeneo ya Temeke aniazime wiki moja?

mzee_wa_mikanda
Ninayo moja imeshika kutu vizuri sana ila funguo ilipotea zamani na imefungwa.

kijana_wa_mbagala
Hiyo hiyo mzee, nakuja kesho.