Plasta mwaka mzima nakubali, kuosha brashi za wakubwa nakataa

Mjomba wa Katuba

Jambo, wana Lubumbashi. Mpwa wangu ameanza mwaka wa kwanza katika shule moja ya sanaa. Jina la shule naliacha. Wiki ya tatu amerudi nyumbani ngozi ya vidole imebabuka kwa mafuta ya taa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu humwachia brashi zao zote aoshe kila jioni, na akikataa wanamfutia mchoro wake. Baba yake alipokwenda kuuliza, akajibiwa kuwa ni desturi ya atelie, yaani karakana ya wachoraji, tangu Ulaya, ndivyo msanii anavyopikwa.

Mazoezi yenyewe nayatetea bila kificho. Unakaa mbele ya sanamu ya kichwa, ya plasta nyeupe, majuma kadhaa, mkono umenyooka, kijiti mkononi, jicho moja umelifumba, unapima: kutoka kidevu hadi pua, na kutoka pua hadi nyusi, kipi kirefu? Unachora kwa mkaa, unafuta kwa nyama ya mkate mweupe, unaanza tena. Plasta haina rangi wala haisogei, kwa hiyo jicho halina pa kukimbilia, linalazimika kusoma kivuli. Baadaye ndipo unapelekwa kwa mtu hai, anayepumua na kuchoka. Wachoraji Charles Bargue na Jean-Léon Gérôme waliichapisha njia hiyo huko Ufaransa kwa michoro ya kunakili, kati ya 1866 na 1871, na mpaka leo inazaa mikono imara. Mwalimu akisema pua imekaa vibaya, futa, hata kama umeihangaikia siku tatu.

Lakini brashi za mtu mwingine zinaingiaje hapo? Ni kweli, katika atelie za Paris mwanafunzi mgeni aliwasha jiko, alitumwa dukani, alidhalilishwa mbele ya wenzake. Shule kuu ya sanaa ya Paris iliwafungia pia wanawake mlango hadi 1897. Na hilo tulirudishe, maadamu ni desturi?

Fundi Shaba, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Ndugu yangu, kwa heshima, umepotea tangu mwanzo. Plasta za Wagiriki hapa kwetu za nini? Wachoraji wetu Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga hawakupimishwa pua na mtu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iitwayo Hangar hapa hapa mjini, akawapa rangi, akakataa kuwafundisha kanuni za Ulaya. Bela akachora kwa ncha za vidole! Na Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi nzima miaka ya 1970, alijifunza mwenyewe.

Tena kufagia si dhambi. Mimi nafua shaba. Nilimfagilia marehemu baba mdogo karakana yake miaka miwili kabla hajanipa nyundo, na katika kufagia ndipo nilipoona nyundo inavyoanguka. Mtoto anayeosha brashi anaijua brashi.

Mama Kamalondo

Papa Fundi, wewe ulimfagilia baba yako mdogo, aliyekulisha na kukuonyesha kazi. Huyo wa mwaka wa tatu anamfundisha mtoto nini?

Mimi nilisoma sanaa, wasichana tulikuwa wawili. Siku ya modeli, yaani mtu anayekaa ili achorwe, wavulana wakubwa walishika nafasi zote za mbele, sisi tukabanwa karibu na mlango tukichora bega tu. Na walikuwa wanasema maneno juu ya yule mama aliyekaa pale, kitenge kiunoni, akitafuta chakula cha wanawe, naye hawezi kujibu kwa kuwa ameambiwa asisogee. Mwalimu alikuwa nje anaongea na simu. Mwaka uliofuata sikurudi, na mkono wangu ulikuwa mzuri.

Mjomba wa Katuba

Pole sana, Mama. Hilo ni zito kuliko brashi, na mimi sikulifikiria.

Papa Fundi, hoja yako ya Hangar siikwepi. Ila uhuru ule ulikuwa na mwenyewe: mzungu mmoja ndiye aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi mchoraji asikiguse. Mchoraji Laurent Moonens alianzisha Akademia ya sanaa hapa mjini 1951, na Romain-Desfossés alipofariki 1954 Hangar ikamezwa humo. Mwenze hakupoteza mkono wake kwa hilo. Tazama mistari yake, inavyopishana kama ukili wa mkeka, karatasi nzima, hakuna pengo. Hiyo ni nidhamu, tena kali: ya mtu na karatasi yake, hakuna aliyemsimamia kichwani.

Kuhusu kufagia umenishika. Atelie ifagiliwe, ndoo zijazwe. Ila iwe kwa zamu, majina yabandikwe ukutani, wa mwaka wa tatu pamoja na wa kwanza, na kila mtu aoshe brashi zake. Nafasi za kuchorea zigawanywe kwa kura ya bahati nasibu pozi inapoanza na zisiguswe hadi iishe. Modeli apumzike kila baada ya dakika 20 hivi, na muda wote akiwa amekaa, mwalimu asitoke chumbani.

Wazazi watatu tumekubaliana kwenda kumwona mkuu wa shule Jumatatu. Mama, kama unaweza kuja, hayo uliyoyasema yatasikika vizuri zaidi yakitoka kinywani mwako. Tutakuwa getini saa tatu asubuhi.