Soksi za kufuma kwa mkono: naomba msaada kwenye kisigino, na uzi mzuri mnapata wapi?

mama_viazi_NJ
Habari za jioni wadau. Nipo Njombe, na wanaoijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba hawahitaji kuelezwa, ukungu mpaka saa nne asubuhi na kazi ya shamba haisubiri jua. Mume wangu anashinda kwenye viazi na gambuti, sasa hizi soksi za nailoni za dukani akivua jioni miguu imenyauka kwa unyevu na ni ya baridi kabisa, na hazimalizi msimu kidole gumba kishatokeza. Nimeamua nimfumie mwenyewe. Kufuma najua, nimefuma kofia na sweta za watoto miaka yote, ila soksi ndo mara ya kwanza.

Maswali yangu: kisigino kinageukaje? Mguu wa juu naumaliza vizuri tu, nikifika pale pa kukunja ndo sielewi vitanzi vinaenda wapi. Pili, uzi wa akriliki wa madukani ndo huo huo au kuna mwingine wa kutafuta? Tatu, mimi nakaa duka la pembejeo mchana kutwa, wateja wanakuja kwa vipindi, je soksi ni kazi ya kuishika na kuiacha au inataka utulie? Natanguliza shukrani.

Nyanya_Kinangop
Habari mwanangu. Huku Kinangop baridi tunaijua, na soksi ndio kazi yangu ya kila siku, kwa matatu, kwa foleni ya kliniki, jioni nikisikiliza redio. Wacha nianze na kisigino maana hapo ndipo wengi huacha kazi ikiwa nusu, na si kigumu, ni hesabu tu.

Tuseme umeanza na vitanzi 64 kwa sindano nne, kila moja 16, sindano ya tano ndiyo ya kufumia. Ukifika kwa kisigino, chukua nusu, yaani 32, uviweke kwa sindano moja, vile vingine 32 viache vimelala, hivyo ni vya juu ya mguu, havikuhusu kwa sasa. Hivi vya kisigino unavifuma kwenda na kurudi kama kitambaa bapa, mbele ukienda, nyuma ukirudi, mistari 32. Kila mwanzo wa mstari kitanzi cha kwanza usikifume, kihamishe tu kwa sindano. Hilo usiliruke hata mara moja, ndilo linakupa ukingo wenye mnyororo na huo mnyororo utauhitaji muda si mrefu.

Sasa kukunja kwenyewe. Upande wa mbele fuma vitanzi 18, halafu unganisha viwili viwe kimoja, fuma kimoja tena, kisha GEUZA kazi hata kama vingine 11 vimebaki bila kufumwa. Viache. Upande wa nyuma hamisha kimoja, fuma 5, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Hapo utaona kuna kapengo kila upande kati ya vitanzi ulivyofuma na vile ulivyoviacha. Kuanzia hapo ni rahisi: hamisha cha kwanza, fuma mpaka ubakishe kimoja kabla ya pengo, unganisha hicho na kile cha ng'ambo ya pengo, fuma kimoja, geuza. Endelea hivyo mpaka vya pembeni viishe, ile mistari miwili ya mwisho hakuna cha kufuma baada ya kuunganisha. Utabaki na vitanzi 18, na ukishika kitambaa utaona chenyewe kimefanya kikombe cha kisigino bila mshono wowote. Mimi hapo bado hufurahi mpaka leo.

Halafu rudi kwa ule mnyororo wa pembeni, okota vitanzi 16 upande mmoja na 16 upande wa pili, na uongeze kimoja kila kona pale kisigino kinakutana na sehemu ya juu, la sivyo patabaki katundu. Jumla sasa una 84, unazunguka tena kama mwanzo, na kila mzunguko wa pili unapunguza kimoja kila upande mpaka urudi 64. Kutoka hapo ni kuzunguka tu hadi vidoleni.

spoku28
Mama hapo juu kamaliza kisigino sina la kuongeza, mimi nizungumzie vifaa. Dada kama sindano tano nyembamba hujapata usihangaike kuagiza mbali, nenda kwa fundi baiskeli uombe spoku tatu. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi na huo ndo unene wa sindano ya soksi za uzi mwembamba. Ya ringi kubwa, ile 28, inakaribia sentimita 30, ukikata kichwa na ile sehemu yenye nyuzi za skrubu kisha ukagawa katikati unapata sindano mbili fupi, kwa hiyo tatu zinakutosha na moja inabaki ya akiba. Chonga ncha zote mbili kwa tupa, zisiwe kali sana za kuchoma kidole, halafu msasa laini mpaka ukipitisha uzi usikwame popote. Chukua zile za stenlesi, zilizoshika kutu zinachafua uzi na hautoki.

Kama chuma kinateleza na vitanzi vinakutoka, huko Njombe mianzi imejaa, chonga ya mwanzi, inashika uzi vizuri zaidi, inafaa hasa kwa kazi ya kushika na kuacha kama yako. Ila ya mwanzi usiichonge nyembamba mno, inavunjika.

anko_Makambako
Nafuatilia hapa kwa niaba ya mke wangu, shukrani sana wakuu

mdau_wa_Leipzig
Salaam wote. Mimi nipo Ujerumani, huku soksi za mkono bado ni kitu cha kawaida kabisa, ndani ya treni unakuta mama kakaa na sindano zake tano na mpira wa uzi ndani ya mkoba. Uzi wa soksi unauzwa umeandikwa kabisa kuwa ni wa soksi, gramu 100 ni kama mita 420, asilimia 75 sufu na 25 nailoni. Hiyo nailoni kazi yake ni moja, kisigino na vidole visitoboke mapema. Gramu 100 zinatosha pea moja ya mtu mzima.

Kuhusu akriliki dada, kwa kofia haina shida ila kwa mguu ulioko ndani ya gambuti mimi siipendekezi hata kidogo. Akriliki hainywi jasho, inaliacha kwenye ngozi. Sufu inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukiigusa huoni kama imelowa, ndo maana mguu unabaki na joto hata gambuti likitoa unyevu ndani.

Kwa huko nyumbani nenda kwenye mtumba, tafuta sweta la sufu ulifumue. Angalia lebo. Kama lebo imekatwa omba kipande cha uzi ukichome kwa kiberiti, sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu unaloweza kulisaga kwa vidole, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Halafu geuza sweta uangalie mishono ya pembeni: kama imepigwa ovaloku usinunue, maana vipande vilikatwa na mkasi kwa hiyo ukifumua unapata vijiuzi vifupi vifupi tu. Unataka lile ambalo kingo za vipande ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono mwepesi. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, tundika na kitu kizito kidogo kwa chini, ukikauka mawimbi yote yamenyooka.

mama_viazi_NJ
Jamani Mungu awabariki, nimesoma huku nashika sindano na nimekiona hicho kikombe! Mtumba ni kesho kutwa, kiberiti nabeba. Sasa mume wangu anavaa namba 43, hizo 64 zitamtosha? Na mimi dukani mteja akiingia katikati ya kisigino nifanyeje?

Nyanya_Kinangop
Kwa mguu wa 43 na ndani ya gambuti usimbane, anza na 72. Kisigino chake kitakuwa 36, mistari 36, na pale pa kukunja badala ya 18 unafuma 20, mengine yote ni yale yale, utaokota 18 kila upande badala ya 16. Pale kisigino shika uzi wa nailoni mwembamba wa kushonea pamoja na ule wa sufu ufume yote miwili, utamshukuru huo uzi mwaka ujao.

Mteja akiingia, maliza tu mstari uliopo, weka chini ukiwa mwanzo wa mstari mwingine, huwezi kupotea. Kama ni mzunguko wa kawaida hata uache katikati haina neno. Mimi sehemu ya kuzunguka ndiyo hubeba safarini, kisigino hukifuma nyumbani mezani.

Kwa vidole, mpime mguu uliosimama, toa sentimita moja maana soksi hunyooka ikivaliwa, anza kupunguza zikibaki kama sentimita 5. Unapunguza vitanzi vinne kila mzunguko wa pili mpaka vibaki nusu, baadaye kila mzunguko, vikibaki 8 kata uzi, upitishe ndani ya vyote na sindano ya kushonea, vuta ukaze, ufiche ncha ndani. Na umwambie asizifue kwa maji moto wala kuzisugua kama jinzi, sufu ikisuguliwa kwa moto hujikunja na hiyo ya 43 itamwingia mtoto. Maji baridi, sabuni kidogo, kamua kwa taulo, anika kivulini.

spoku28
Dada ukikosa wa kukukatia spoku hizo, uliza fundi yeyote mwenye koleo la kukatia, asikate na nyundo, ncha inapasuka na msasa hautaitengeneza.